Gari ya Kyule na Mbuzi wa Tawa

Kyuso,
22 Januari 2024

Kwako Gedion,

Mimi ni mzima. Nimekujibu kabla hujauliza, kwa sababu tangu Krismasi hujauliza. Ninaandika barua kwa sababu simu hukatika kila nikianza kusema ukweli, na sijui kama ni mtandao au ni kidole chako. Barua huwezi kukata. Halima wa Mwingi, yule hununua ndengu zangu na kuzipeleka huko Makindu na lori yake, atakuwekea mkononi. Nimemwambia asiondoke kabla hujaisoma mpaka mwisho akikuangalia.

Neno la kwanza. Yule Mwongeli wa Tawa anakaa kwako kama nani? Umemweka kwa nyumba ya kupanga mwaka mzima, ana tumbo la kuonekana kutoka barabarani, na hakuna hata mbuzi mmoja amelia kwa boma ya baba yake. Mbuzi watatu tu wa ntheo, wa kusema msichana ni wetu! Hata Mutua mlevi wa sokoni, ambaye hulala kwa mtaro, amepeleka wake. Mpaka hao mbuzi wafike, Mwongeli ni mgeni wako na mtoto ni wa watu wa Tawa. Watampa jina la kwao na wewe utasimama hapo ukipiga makofi. Na akiwa mvulana unajua jina lake kwa desturi yetu ni lipi. Ni Kyule, la marehemu baba yako, mtoto wangu mimi, aliyelala hapa nyuma ya ghala, na hakuna mtu mwingine chini ya jua anaitwa hivyo kwa nyumba hii. Hilo sirudii.

Neno la pili. Mbuzi ninao. Nimewachagua mimi, kwa sababu wewe ukiambiwa chagua mbuzi utachagua mwenye redio. Wataenda Tawa na pikapu ya Kyule. Halima amesema atawabeba kwa lori. Nimemwambia asante, mbuzi wa ntheo hawapandi juu ya magunia ya mtu. Na usiniambie nikodishe gari. Hao watu wa Tawa watasema hatuna hata magurudumu.

Lakini pikapu imeanza ujinga. Mulinge, dereva wetu, akiiendesha mpaka sokoni, ikizima haiwaki mpaka isukumwe. Taa za mbele zimekuwa kama za mtu anayetafuta kitu chini ya kitanda. Kuna taa nyekundu yenye picha ya betri inawaka hapo mbele ya dereva na haizimi. Nilinunua betri mpya. Nayo imekufa.

Wewe ulisomea umeme wa magari. Niliuza ng'ombe wawili usomee. Sasa tengeneza.

Ni mimi nyanya yako,
Nzisa


Makindu,
27 Januari 2024

Kwako Susu,

Shikamoo. Halima alisimama mlangoni mwa gereji mikono kiunoni mpaka nikamaliza. Wenzangu bado wanacheka.

Susu, juu ya ntheo una haki na sina neno. Mwongeli mwenyewe ameanza kunyamaza jioni, na mama yake amempigia kusema arudi nyumbani ajifungulie huko. Tumepatana na wazee wao tuje Jumamosi ya tarehe 17 Februari. Lazima hiyo gari ifike. Ningekuja Kyuso mwenyewe, lakini fundi mwenzangu wa umeme ameacha kazi na malori ya Mombasa yamejipanga hapa nje mpaka karibu na hekalu la Kalasinga. Tajiri amesema nikitoka nisirudi, na mtoto yuko njiani.

Kwa hivyo nitakuwa nikikuelekeza kwa barua. Betri mpya ikikufa haraka, mara nyingi si betri mbaya. Ni kwamba haipati chaji gari ikitembea. Mwambie Mulinge afanye hivi: asafishe vichwa vya betri kwa maji moto na brashi, akaze zile nyaya kwa spana, aangalie fanbelti inayozungusha alternata kama imelegea. Alternata ndiyo inatengeneza umeme. Betri ni pipa tu, inaweka.

Swali moja, Susu, na ni la maana. Kuna kitu chochote gari ilifanyiwa kabla ya shida kuanza? Hata kitu kidogo. Nilimpigia Mulinge, akaniambia umemkataza kuongea juu ya gari, eti nikuulize wewe.

Mjukuu wako,
Gedion


Kyuso,
2 Februari 2024

Gedion,

Hakuna kitu gari ilifanyiwa. Iko vile baba yako aliiacha. Na ukimpigia Mulinge tena nyuma yangu nitamnyang'anya funguo, uje uendeshe wewe kwa barua.

Maji moto tumemwaga. Brashi tumesugua, na ilikuwa brashi yangu ya viatu vya kanisa. Spana imekazwa mpaka Mulinge akatoa sauti. Fanbelti haijalegea, nimeivuta mwenyewe. Kisha tukaiwasha. Ilijikokota kama mtu anaitwa kufagia, ikawaka, taa nyekundu ikawa pale pale inanitazama.

Tena inanuka. Mulinge akigeuza funguo kuna harufu ya kitu kinachomeka upande wa betri, halafu inapotea. Sasa nambie hiyo ni nini, wewe wa cheti. Cheti chako nimekitundika ukutani karibu na kalenda ya kanisa, na mpaka sasa kalenda imenisaidia zaidi.

Jumapili Mchungaji alikuja kuombea gari ili safari ya Tawa iwe salama. Aliweka mkono juu ya boneti, akaomba kwa sauti, akafika kwa amina, Mulinge akageuza funguo na gari ikasema tik. Tik! Mbele ya kwaya yote. Mchungaji alisema labda tuongeze kufunga. Nimemwambia nimefunga tangu nizaliwe kwa sababu ya mvua ya hapa, na haijawahi kuchaji betri.

Watu wanapita kwa njia wanauliza, "Nzisa, gari bado?" Wanauliza wakicheka na meno ya nyuma. Mke wa Musyimi, ambaye bwanake hana hata baiskeli, ameniuliza kama nataka kukodisha punda.

Fanya kitu, ama nitajua nilisomesha mtu wa kubadilisha balbu.

Nzisa


Makindu,
7 Februari 2024

Kwako Susu,

Shikamoo. Pole kwa mambo ya Mchungaji. Usinigombeze lakini nilicheka.

Hiyo harufu inanisumbua. Inaweza kuwa fanbelti inateleza ikitoa moshi, au waya imeliwa na panya ikigusana na chuma. Mwambie Mulinge afuate nyaya zote kwa macho kutoka kwa betri. Pia inawezekana alternata yenyewe imechoka, ni ya miaka mingi. Nimempa Halima alternata niliyoitoa kwa gari nyingine na kuipima hapa kwa mkono wangu. Ni nzima. Mulinge anajua kuifunga.

Nimeweka pia mita ya kupima umeme. Ile ya njano. Usiogope, haishtui. Ina miti miwili ya kugusia, mwekundu na mweusi. Gari ikiwa inanguruma, mwekundu uguse kichwa cha betri chenye alama ya kujumlisha, mweusi kile kingine. Ikisoma kumi na nne hivi, chaji inaingia. Ikisoma kumi na mbili, haiingii. Halafu mpime pia kwa alternata yenyewe: mwekundu kwa skrubu yake ya nyuma, mweusi kwa mwili wake wa chuma. Uniandikie namba zote mbili bila kupunguza wala kuongeza.

Na Susu, nakuuliza tena kwa heshima. Hakuna fundi aliyeishika hiyo gari mwezi huu? Hakuna mtu ametoa betri mahali pake?

Mwongeli anakusalimu. Mtoto anapiga teke sana. Anasema akipiga upande wa kushoto ni wewe unaandika.

Gedion


Kyuso,
14 Februari 2024

Gedion,

Kwanza mimi siogopi mita. Nimezalisha wanawake wa nusu ya kijiji hiki, nitaogopa kitu cha njano?

Alternata imefungwa. Taa nyekundu imefifia kidogo lakini haijazimika. Tumepima. Mulinge alishika hiyo miti, mimi nikasoma, kwa sababu Mulinge akisoma namba huongeza ya kwake. Kwa alternata: kumi na nne na kitu. Kwa betri: kumi na mbili. Nilirudia. Kumi na nne hapa, kumi na mbili hapa, na kati yao ni hatua ndogo ya kuku. Sasa umeme umeenda wapi? Umeshukia njiani? Nimeangalia hata chini ya gari.

Nyaya zimefuatwa. Hakuna panya. Paka wangu hapokei mshahara bure kama watu wengine wa Makindu.

Swali lako la fundi nimeshalijibu. Ukiniuliza mara ya tatu nitajua unaniita mwongo, na hakuna mtoto aliyenyonyeshwa kwa hii nyumba ataniita mwongo kwa karatasi.

Sisi tunaenda. Jumamosi ni Jumamosi. Betri ameichaji fundi wa redio hapa sokoni kwa stima usiku kucha, na Mulinge amesema ikiwaka asubuhi hatutaizima mpaka Tawa. Tutatia mafuta ikinguruma. Mbuzi wameoshwa. Nimetoa ile leso yangu ya maua. Wewe utokee huko Makindu na wazee wako, tukutane Tawa, na uvae viatu vya kufungwa.

Nzisa


Tawa,
19 Februari 2024

Kwa Bwana Gedion Ndolo,

Nakusalimu katika jina la Bwana Yesu. Mimi ni Nduku, nyanya yake Mwongeli, na ndimi niliyekaribisha wageni Jumamosi. Wewe na wazee wako wawili mlifika, mkakaa, mkala chakula chetu, mkaangalia barabara. Mbuzi hatukuwaona. Nyanya yako hatukumwona. Hatukusema neno mbele ya watu kwa sababu sisi tumelelewa. Sasa nasema.

Jirani yetu alikuwa anatoka Mwingi siku hiyo hiyo. Alisema aliona pale stendi pikapu ya zamani imepakwa rangi ya buluu, mpya, inang'aa kama sufuria ya harusi, buluu mpaka ndani ya boneti, buluu mpaka vyuma vya uvunguni. Alidhani ni gari ya mwanasiasa. Halafu akaona inasukumwa na vijana wa stendi. Ndani ameketi mama mzee mwenye leso ya maua, ameshika kamba ya mbuzi, anawatukana wanaosukuma. Gari iliwaka, ikaenda kidogo, ikafa. Wakasukuma tena. Mwishowe iligeuzwa ikarudi ilikotoka, na mbuzi ndani wakipiga kelele.

Tumeshukuru Mungu kwa kicheko, maana mwaka umekuwa mgumu.

Sasa sikiliza kijana. Mwongeli amebaki hapa nyumbani na atajifungulia hapa. Hatufukuzi mtu. Mkileta mbuzi kabla ya mtoto, ninyi ni wakwe zetu na mambo yaende kwa desturi. Mtoto akitangulia mbuzi, ni mtoto wa boma hii, na akiwa mvulana ataitwa Mwau, jina la marehemu mume wangu, ambaye alikuwa na mkokoteni tu, lakini ulikuwa unafika.

Umwambie nyanya yako rangi ni nzuri sana.

Wako katika Kristo,
Nduku, mke wa Mwau


Makindu,
22 Februari 2024

Susu,

Leo sianzi na shikamoo, nitaiweka mwisho.

Barua yako ya tarehe 14 ilinifikia Jumatatu, tukiwa tumeshaaibika. Kumi na nne kwa alternata, kumi na mbili kwa betri. Nimekaa na hizo namba kama mtu amepewa mtihani wa darasa ambalo hakusoma. Nimewaza waya, nimewaza fyuzi, nimewaza hata mita ni mbovu. Halafu jana nikapata barua ya mama Nduku kutoka Tawa. Nimeiweka hapa ndani uisome. Alitaka kunichoma moyo, na amenichoma. Lakini pia ameniambia kitu ambacho wewe umekataa kuniambia mara mbili.

Susu, rangi ya buluu imetoka wapi?

Mimi ninaijua hiyo gari. Nimelala ndani yake nikiwa mtoto. Ilikuwa rangi ya maziwa yenye kutu. Nilikuuliza kama kuna kitu ilifanyiwa, ukasema iko vile baba aliiacha. Nilikuuliza kama kuna mtu alitoa betri, ukasema nisikuite mwongo. Sikuiti mwongo. Ninasema kwamba nimekutumia alternata ambayo hukuhitaji, Mwongeli yuko Tawa analia, na mimi silali.

Sasa nisikilize vile mimi hukusikiliza. Umeme hutoka kwa alternata kwa waya nyekundu ukaingia kwa betri. Lakini lazima urudi. Hauna waya ya kurudia, unarudi kwa chuma cha gari yenyewe. Kutoka kwa kichwa kile kingine cha betri kuna waya nene nyeusi imefungwa kwa bodi na boliti. Mafundi tunaiita erthi. Iko nyingine fupi kutoka kwa injini mpaka kwa bodi. Mahali hizo boliti zinakaza, chuma lazima kiguse chuma kitupu. Rangi haipitishi umeme. Huyo fundi wako wa rangi alitoa betri na hizo nyaya, akapaka kila mahali vizuri, halafu akarudisha waya juu ya rangi. Umeme unafika hapo unapigana kupita. Hiyo ndiyo harufu, ni rangi inaungua chini ya boliti. Hapo ndipo mbili zako, zilizopungua kutoka kumi na nne, zimepotelea.

Mwambie Mulinge afungue hizo boliti mbili. Akwaruze buluu yote hapo chini kwa msasa au kwa kisu, mpaka aone chuma cheupe kinachong'aa, ukubwa wa chini ya kikombe. Akwaruze pia kile chuma cha mwisho wa waya. Afunge, akaze, apake grisi juu isishike kutu. Basi. Hakuna cha kununua.

Tarehe 2 Machi, Jumamosi. Nimeongea na wazee wa Tawa. Hakutakuwa na nyingine. Daktari amesema mtoto ameshashuka.

Na neno moja la mwisho, Susu. Jina la baba kwa mlango wa dereva, lile aliliandika mwenyewe na brashi. Bado liko?

Shikamoo.
Gedion


Kyuso,
27 Februari 2024

Gedion,

Umejifunza kuandika barua ndefu. Ungejifunza mapema ungekuwa karani.

Nimesoma ya Nduku. Wewe ulidhani nitalia? Huyo mwanamke kwanza ameandika jina la Yesu mara mbili na kati yake amenitukana kurasa nzima. Nitamjibu kwa wakati wangu. Mkokoteni unafika! Mkokoteni unafika kwa sababu hauna pa kwenda.

Boliti tumefungua. Mulinge alitaka kukwaruza polepole kama anapaka mtoto mafuta. Nikachukua kisu cha kukatia sukuma wiki nikakwaruza mwenyewe. Chini ya ile boliti rangi ilikuwa imekuwa nyeusi, imetoa malengelenge. Nilikwaruza mpaka chuma ikatoka nyeupe. Tukafunga, tukakaza, Mulinge akageuza funguo. Gari ilishtuka kama mtu ametajwa kanisani. Haikujikokota. Taa nyekundu ilizimika na haijarudi. Mita yako imesema kumi na nne pale kwa betri. Tumeizima na kuiwasha mpaka kuku wakahama.

Kwa hivyo usijisifu. Gari haikuwa na ugonjwa. Ilikuwa na kizuizi, na mtu yeyote mwenye kisu angekiondoa. Ungekuwa fundi kweli ungejua bila kuuliza.

Sasa nijibu swali lako ili usiniulize mara ya nne, maana nakujua.

Niliuza ndengu vizuri. Nikasema siendi kwa wakwe na gari ina kutu kama jembe la marehemu. Sitaki Nduku aangalie mlango wangu akunje pua. Nikaita fundi wa rangi kutoka Mwingi. Nikamwambia, paka kila mahali, nisione kutu hata moja. Halafu nikaenda kanisani. Yeye ni mtu wa kufuata maneno. Nilirudi nikakuta amepaka kila mahali.

Lile jina alidhani ni uchafu. Kyule hakuwa na mwandiko, unajua, ile Y yake ilikuwa imelala upande kama mlevi. Huyo mjinga alisema, "Mama, kulikuwa na michoro ya watoto hapo, nimeiondoa." Alikuwa anangoja nimshukuru.

Nilimlipa. Ningefanya nini? Alifanya nilichosema.

Nimejaribu kukwaruza mlango pia, na kile kisu. Rangi ya chini imetoka pamoja na ya juu. Hakuna kitu. Imebaki alama kama gari imekwaruzwa na ng'ombe, na sasa nitaenda nayo hivyo hivyo Tawa waone.

Ulitaka nikuandikie hiyo kwa barua ya betri? Haya, nimekuandikia.

Jumamosi uvae viatu vya kufungwa.

Nzisa


Kyuso,
6 Machi 2024

Kwa Nduku, mke wa Mwau, Tawa,

Nimefika nyumbani salama, kama gari yangu ifikavyo siku hizi. Mbele ya watu wote Jumamosi nilinyamaza kwa sababu ya heshima ya siku, na wewe ulinyamaza kwa sababu ya mshangao. Sasa tuongee.

Ulimwambia mjukuu wangu kwamba mlicheka. Natumaini mlicheka vizuri. Nilikuona pale kwa lango lako umesimama na wale mama wa kanisa, mmevaa kofia, mmejipanga kuangalia kama tutasukumwa. Pikapu ilipanda mlima wa Tawa ikinguruma na mbuzi wamesimama wima kama wajumbe. Nilimwambia Mulinge azime hapo hapo mbele yako. Akazima. Halafu nikamwambia awashe. Ikawaka. Nikamwambia azime tena, awashe tena. Ulidhani ni ya nini? Ilikuwa salamu yako.

Ule mkwaruzo kwa mlango uliouangalia ukimnong'oneza dada yako, usinong'one. Uliza. Ni mimi niliukwaruza na ni mambo ya nyumba yangu.

Nimeona beberu wetu amechinjwa na watu wako wakala mpaka wakalegeza mikanda. Nimeona kwamba maini uliyaficha. Si neno. Ninakubali kwamba chapati zako ni laini, na ninajua mkono uliozisukuma si wako, ni wa Mwongeli. Sasa huo mkono ni wa kwetu. Umtunze mpaka tumchukue. Asibebe maji. Asiinue sufuria kubwa. Na mkimnyima ugali wa wimbi nitajua, kwa sababu gari inawaka.

Ninakushukuru kwa barua yako ya mwezi uliopita. Hujui ulichofanya, na mimi sitakwambia. Kaa hivyo.

Nzisa, mama yake Kyule


Tawa,
25 Machi 2024

Kwako Susu,

Shikamoo. Nimeandika haraka kwa sababu Halima anapitia Machakos kesho na amekubali kungoja.

Mwongeli amejifungua usiku wa kuamkia jana. Yeye ni mzima, amechoka, amelala. Mama Nduku ndiye aliyemshika mkono mpaka mwisho, na sitaki uandike lolote baya juu yake kwa hii moja, Susu, nakuomba.

Ni mvulana. Alipotoka mama Nduku alimpangusa, akamwinua, akawaangalia wazee wake, akauliza kwa sauti ya kusikika nje: "Mbuzi walifika au hawakufika?" Wakasema walifika. Akasema, "Basi huyu ni wa watu. Mchukue mwana wenu." Akanipa. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini alisema ni moshi.

Jina lake ni Kyule.

Ana masikio yako.

Gedion


Kyuso,
2 Aprili 2024

Gedion,

Barua yako imefika, lakini mvua imeanza huku, na yule Halima hajui kufunika kitu kisicho ndengu. Imelowa. Nimeona mvulana, nimeona moshi wa Nduku, nimeona masikio. Mahali pa jina ndipo pamelowa kabisa. Halima ameniapia barua ilikuwa kavu aliponipa, eti imelowa nikiwa nimeishika mimi. Huyo mwanamke amekuwa mwongo tangu alipochezea mizani yake.

Kwa hivyo andika tena jina. Usiliandike katikati ya maneno mengine ambapo linapotea. Chukua karatasi peke yake, ile kubwa ya gereji. Andika jina tu, herufi kubwa, kubwa kama mkono wangu. Mulinge ameshanunua rangi nyeupe na brashi, na mlango nimeuosha. Fundi wa Mwingi haji karibu na gari hii tena, Mulinge atanakili yeye, mimi nikiwa nimesimama hapo.

Usiandike na mwandiko wako wa cheti. Wewe una mkono wa baba yako ukiacha kujifanya, nimeuona kwa hizi barua, hasa ile ulikuwa umekasirika. Andika na huo. Ile Y iache ilale upande.

Halafu umlete huyo mtoto nimwone, kabla hajajifunza kuongea kama watu wa Tawa. Mtakuja na gari yetu. Nitaituma Makindu na Mulinge, na usiifungue boneti. Haina kitu.

Nyanya yenu,
Nzisa